Kitabu cha Fizikia kwa Anayejisomea: Asili ya Vitabu Tulivyorithi

Wako ndugu zetu wengi ughaibuni ambao, baada ya kazi za kutwa, hujiwa na shauku ya kujisomea fizikia, nao aghalabu huanza kwa kutafuta vitabu vile vile walivyoviona mikononi mwa kaka zao waliosoma Tabora: Abbott kwa kidato cha nne, Nelkon na Parker kwa kidato cha sita. Si vibaya kuvitafuta. Ila yafaa kwanza kuijua asili yake, maana kila kitabu hutungwa kwa ajili ya msomaji maalumu, na msomaji huyo huenda siye wewe.

Shule ya Serikali ya Tabora, iliyomsomesha Julius Nyerere tangu 1937 hadi 1942, ni ya zama za Waingereza, ambapo elimu ya sekondari ilifuata mkondo wa kwao na mitihani ya Cambridge. Kwa mkondo huo huo Nelkon na Parker walitoa kitabu chao mwaka 1958, Abbott akatoa chake 1963. Na ijapokuwa Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, ikaunda baraza lake 1973, vitabu hivyo havikuondoka mashuleni. Fadhila yake ni wingi wa maswali. Kasoro yake, kwa mtu asiye na mwalimu, ni kwamba vilikusudiwa darasa lenye mwalimu ubaoni na maabara jirani.

Vitabu vya vyuo vya Marekani hueleza kwa urefu zaidi, na kukokotoa mifano hatua kwa hatua. Halliday na Resnick, waliotoa chao mwaka 1960, humtaka msomaji awe na kalkulasi. Ilhali College Physics ya wachapishaji OpenStax, iliyotoka 2012 na kupatikana bure katika intaneti, hutosheka na aljebra. Ama mihadhara ya mwanafizikia Feynman, pamoja na utukufu wake, isiwe kitabu chako cha kwanza, kwani majuzuu yake hayana mazoezi.

Basi kama misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo ilivyofika Tabora ikagawanyika, mingine ikashika njia ya Ujiji na mingine ya Karagwe na Buganda, ndivyo nawe utakavyochagua njia yako hapa, na mwamuzi ni hisabati uliyo nayo leo, si ile unayotamani kuwa nayo.

Tena tusisahau kwamba Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba mwaka 1963, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa, akachekwa darasani, lakini akashikilia swali lake hata yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakalichapisha mwaka 1969. Fizikia hujifunzwa kwa kushikilia swali hivyo; kwa hiyo, ndugu msomaji, chagua kitabu kimoja chenye maswali mengi na majibu nyuma, ukimalize sura baada ya sura, na usifunue jibu lolote kabla kalamu yako haijatoa lako.