"Bicho": Neno la Kireno na Mdudu Wake

Wareno waliotawala Mombasa zamani waliacha katika Kiswahili maneno kama meza na bendera. Neno lao "bicho", litamkwalo "bishu", halikuingia. Lakini mdudu mmoja aitwaye kwa neno hilo ameingia miguuni mwa watu.

Bicho ni mnyama yeyote, hasa mdudu. Kiwavi wa hariri ni "bicho-da-seda". Katika Brazili mtu aweza kumwita rafikiye "bicho", wala si tusi. Na "bicho-de-pé", yaani mdudu wa mguu, ndiye funza.

Asili ya funza ni Amerika. Mwaka 1872 meli kutoka Rio de Janeiro ilimleta Angola katika mchanga uliopakiwa ili kuitia meli uzito. Kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha fika Afrika ya Mashariki.

Funza jike huingia ngozini, akavimba kwa mayai. Kinga yake ni sakafu isiyo na vumbi, miguu iliyooshwa kwa sabuni, na viatu. Sindano iliyomtoa mtu funza isitumiwe kwa mwingine, kwani yaweza kuambukiza maradhi mabaya kuliko funza mwenyewe.