Matofali Yaliyolinda Tanuri la Gari la Moshi
Tangu mwaka 1955, stesheni ya Konza, ambapo njia ya Magadi huachana na ile ya Mombasa na Nairobi, ilipitiwa na injini za Garratt aina ya 59, zilizoundwa Manchester, Uingereza. Injini hizo zilichoma mafuta mazito. Ndimi za moto wake ni kali, nazo zingeweza kuharibu mabamba ya chuma ya tanuri. Na bamba likipasuka, mvuke huweza kuua watu. Kwa hiyo sehemu ya chini ya tanuri ilijengewa matofali ya udongo unaostahimili moto. Adui wa matofali hayo ni baridi ya ghafula: hewa baridi ikiingia tanuri lingali jekundu, hupasuka. Basi mtia moto hodari alilipasha moto polepole, na kulipoza polepole.