"Nilishaenda kwa Mnasihi, Haisaidii"

Hapa chuoni ukimwambia mtu aende kuonana na mnasihi, jibu la kwanza ni "mimi sijachanganyikiwa bwana." Jibu la pili ndilo linalonisumbua zaidi: "nilishaenda, haisaidii." Ukimdadisi utakuta alienda mara moja tu, akaambiwa asali na apangilie muda wake vizuri, akarudi hosteli. Basi akahitimisha kwamba ushauri nasaha wote uko hivyo.

Sisi wa Ualimu tunasoma unasihi kama somo, na kitu ambacho natamani watu wa kozi nyingine wakijue ni kwamba wanasihi hawafanyi kazi kwa njia moja.

Wapo wanaofuata mkabala wa Carl Rogers, Mmarekani aliyeanza kuuandikia miaka ya 1940. Hapo mnasihi hakupangii la kufanya wala hakuhukumu. Anakusikiliza, anakurudishia ulichosema, mpaka wewe mwenyewe uanze kuona njia. Kwa aliyefiwa, au ambaye kwao hajawahi kusikilizwa, hiyo ni dawa kabisa. Ila anayetaka kujua afanye nini kesho asubuhi kabla ya mtihani anaweza kutoka pale amenuna: "mbona ananiangalia tu?"

Huyo huenda angefaidika na tiba ya utambuzi na tabia, iliyoasisiwa na Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, miaka ya 1960. Tuseme umepata sapu moja na kichwa kinakuambia "nitadisko, nyumbani nitawaambia nini, maisha yameisha." Mnasihi atakuandikisha wazo hilo, mtatafuta ushahidi wake (sapu moja imemdisko nani?), kisha atakupa kazi ya kufanya hadi mkutane tena. Kama unaogopa kusimama mbele za watu, jambo ambalo kwa mwalimu mtarajiwa ni balaa, atakupandisha taratibu: leo unaongea mbele ya watu watatu, wiki ijayo kumi. Asiyependa kazi za nyumbani ataichukia njia hii.

Na kuna shida ambazo hazianzii kichwani. Bumu limechelewa, mwenye nyumba anadai kodi. Hapo unahitaji mtu wa kukaa nawe mkachambua tatizo moja moja na kuchagua hatua. Zimbabwe wanafanya hivyo kupitia Benchi la Urafiki, lililoanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006: bibi wa mtaani waliopewa mafunzo, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliopitia kwa bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao si wanasaikolojia.

Sasa utajuaje mnasihi wako anafuata njia gani? Muulize. Najua, kumhoji mtu mzima kazi yake kwetu kunaonekana utovu wa adabu. Lakini unaweza kusema, "Shikamoo mama. Samahani, mtu akija na shida kama yangu huwa mnaenda naye vipi?" Mnasihi aliyesomea hachukii swali hilo. Akichukia, umeshapata jibu.

Baada ya vikao vitatu au vinne jipime kwa mambo matatu aliyoyataja Edward Bordin mwaka 1979: je, mnaaminiana, mnakubaliana mnakoenda, mnakubaliana kazi mnayofanya ili mfike? Kutoka kikaoni umechoka au umelia si dalili mbaya, maana mambo mazito yanauma yakiguswa. Kudharauliwa au siri yako kutoka nje ni habari nyingine. Hapo usisubiri kikao cha nne. Kubadilisha nako hakuhitaji ugomvi. Nenda ofisi iliyokupangia, sema ungependa kuonana na mwingine. Ukitaka wa jinsia yako, au asiye wa idara inayokufundisha, sema pia.

Haya yote ni kwa mwenye nafasi ya kuchagua. Kama hulali siku kadhaa, unasikia sauti wasizosikia wengine, au unafikiria kujiua, achana na habari za mikabala. Mwambie rumeti akusindikize hospitali leo leo, hata kama ni usiku. Huko kuna madaktari wa akili, na wao, tofauti na mnasihi, wanaweza kukuandikia dawa. Vikao vya unasihi utaendelea navyo ukishatulia.