Je, Namba Hii ni Tasa?

Umekwisha kujifunza kuwa namba tasa ina vigawo viwili tu, yaani 1 na namba hiyo yenyewe. Namba 7 ni tasa. Namba 9 si tasa, kwa sababu 3 × 3 = 9. Namba ikiwa ndogo, ni rahisi kuitambua. Je, ikiwa kubwa sana utafanyaje?

Chukua 2. Izidishe kwa yenyewe upate 4. Zidisha 4 kwa 4 upate 16, kisha endelea hivyo hivyo. Utapata 2, 4, 16, 256, 65,536 na 4,294,967,296. Sasa ongeza 1 kwa kila namba:

3, 5, 17, 257, 65,537, 4,294,967,297

Namba tano za kwanza zote ni tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mtaalamu wa hisabati wa Ufaransa, aliandika kuwa anaamini kila namba katika mfuatano huu ni tasa, hata ukiuendeleza bila kikomo. Fermat alikuwa mtaalamu mwenye sifa kubwa, lakini hakuwa na uthibitisho.

Itazame namba ya sita. Haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5, kwa kuwa inaishia na 7. Haigawanyiki kwa 3, kwa kuwa jumla ya tarakimu zake ni 59. Ukiendelea kuijaribu kwa kila namba tasa, utajaribu namba 115 bila kufanikiwa. Huenda ukachoka na kusema, "Fermat alisema kweli."

Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alipata jibu. Euler alionyesha kuwa kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Kwa hiyo, badala ya kujaribu namba tasa zote, yatosha kujaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641. Nne za kwanza hazifai. Ya tano inafaa:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

Basi namba ya sita si tasa. Kosa la Fermat lilionekana baada ya miaka 92. Hadi leo hakuna namba tasa nyingine iliyopatikana katika mfuatano huu baada ya 65,537.

Kumbuka: mifano mitano iliyo sahihi haithibitishi kuwa wa sita utakuwa sahihi. Sifa ya msemaji nayo si uthibitisho. Pima mwenyewe.

Zoezi

1. Zidisha 6,700,417 kwa 641. Je, umepata jibu la Euler?
2. Gawanya 641 kwa 64. Baki ni ngapi?
3. Onyesha kuwa 257 ni namba tasa.