DAWA ZA BARA HINDI: NANI HUZITENGENEZA?

Wenzangu, siku ukipewa dawa zahanatini, hebu geuza pakiti usome yale maandishi madogo. Mara nyingi utakuta imetoka India. Je, imekuwaje?

Sheria ya hataza ya India ya mwaka 1970 ililinda njia ya kutengenezea dawa, si dawa yenyewe. Basi mwanakemia akipata njia nyingine ya kufikia dawa ile ile, kampuni yake iliruhusiwa kuiuza. (Nyinyi mlioikimbia Kemia, mnasikia?) Mwaka 2001 Cipla ya Mumbai ilijitolea kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mseto wa dawa tatu za UKIMWI kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Zile za kampuni kubwa za Magharibi zilikuwa zimefikia dola 10,000! Mwaka 2005 sheria ilibadilishwa, dawa zenyewe nazo zikalindwa.

Kule, amalizaye darasa la 12 husomea stashahada ya famasia miaka 2, au shahada miaka 4. Mpenda utafiti huendelea, pengine katika taasisi ya Mohali au ile ya Lucknow iliyofunguliwa 1951. Na kazi si kusimama dukani tu: kuna kupima ubora wa kila fungu la vidonge kabla halijatoka kiwandani, na kufuatilia madhara ya dawa kwa wagonjwa.

Ukitaka kwenda kusomea huko, uliza kwanza Bodi ya Famasia na Sumu hapa Nairobi kama inakitambua chuo chenyewe. Ukirudi, bila kusajiliwa nayo huruhusiwi kufanya kazi hiyo.