Kampuni za Meli Zikipanda Lori: Kibondo na Kasulu Zinabaki na Nini?

Tairi la bodaboda unaliacha Kariakoo kwa bei moja, ukilikuta Kibondo limeshapanda. Ukimuuliza muuzaji kwa nini, jibu ni neno moja: umbali. Hajakosea. Reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina zaidi ya kilomita 1,200, na dizeli haiokotwi barabarani. Ila umbali ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine ni mikono ambayo tairi limepitia, na nani anaimiliki mikono hiyo. Hapo ndipo dunia ya meli inabadilika kwa kasi, na sisi tunaotoka mikoa ya mwisho wa reli inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuihesabu hiyo mikono. Kuna kampuni ya meli iliyoleta kontena. Kuna anayeendesha gati na winchi. Kuna wakala wa forodha anayeshughulikia makaratasi na kodi. Kuna mwenye ghala. Kuna mwenye lori. Kwa miaka mingi hao walikuwa watu tofauti, kila mmoja na ankara yake. Sasa kampuni za meli zinanunua mikono hiyo mmoja baada ya mwingine ili mzigo utoke kiwandani hadi dukani ukiwa chini ya nembo moja. Wachumi wanauita muunganiko wa wima: kampuni haimnunui mshindani wake wa pembeni, inamnunua aliye juu yake au chini yake kwenye mnyororo.

Mifano ni mikubwa. Maersk ya Denmark, iliyokuwa na bandari zake tangu zamani, mwaka 2022 iliinunua LF Logistics ya Hong Kong, kampuni ya maghala, kwa dola bilioni 3.6. CMA CGM ya Ufaransa iliichukua CEVA, kampuni ya usafirishaji na maghala, mwaka 2019. MSC, yenye makao Geneva, Desemba 2022 ilikamilisha kuinunua Bolloré Africa Logistics kwa euro bilioni 5.7, na leo inaitwa AGL. Bolloré ilikuwa na shughuli zake hapa Tanzania pia, kwa hiyo hiyo si habari ya mbali.

Wapo waliotembea njia hiyo kinyumenyume. DP World ya Dubai ilianzia bandarini. Mwaka 2018 ikanunua Unifeeder, kampuni ya meli ndogo za kusambaza makontena, na mwaka 2022 ikanunua Imperial ya Afrika Kusini, yenye malori na maghala. Oktoba 2023 ikasaini mkataba wa miaka 30 kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Mei 2024 Adani ya India nayo ikapata miaka 30 kwenye gati namba 8 hadi 11.

Kwa nini wanafanya hivi? Chukua hesabu ya kubuni. Gharama ya kwanza ya mzigo ni shilingi milioni 1, na unapita mikono mitano. Kila mkono unajumlisha asilimia 10 juu ya bei uliyopokea. Mwishoni mzigo umefika takribani milioni 1.61. Sasa mikono yote iwe ya kampuni moja. Ikijiwekea faida ya asilimia 30, mzigo unauzwa milioni 1.3: kampuni imepata faida nono, na mnunuzi naye kapumua. Ongeza muda unaookolewa. Hakuna tena "wakala anasubiri karatasi kutoka gati, dereva anamsubiri wakala". Hadi hapo muunganiko ni mzuri, tusibishane.

Swali ni hili: nani anaizuia kampuni hiyo isiuze kwa ile ile milioni 1.61 na kuweka tofauti mfukoni? Jibu ni kitu kimoja tu, mteja kuwa na pa kwenda kwingine. Kama nikiona ghala lako ni ghali naweza kuhamia la jirani, utapunguza bei. Kama ukinilazimisha nichukue meli, ghala na lori lako kwa pamoja, la sivyo kontena langu lisubiri, basi muunganiko umegeuka kitanzi.

Majirani zetu Kenya waliliona hili mapema. Kifungu cha 16 cha Sheria yao ya Usafiri wa Meli ya 2009 kilikataza mwenye meli kufanya kazi za kuendesha gati, uwakala wa forodha, yadi za makontena, hata uchukuzi wa barabarani. Mwaka 2019 kifungu hicho kilirekebishwa na kufungua mwanya kwa kampuni ya meli ambayo serikali ina hisa. Aliyekuwa akilengwa alijulikana: shirika la meli la taifa, ambalo MSC ni mbia wake, lipate nafasi ya kuendesha gati la makontena Mombasa. Mabishano yalikuwa makali, wafanyakazi wa bandari wakiogopa ajira zao.

Na kwetu muunganiko si jambo jipya. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kuanzia 1948, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilishika kila kitu: bandari za pwani, treni, meli za maziwa. Mzigo wa Ujiji ulikuwa chini ya mwajiri mmoja kutoka gati la Dar hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa, mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na miaka ya mwisho ya 1990 hata meli za maziwa zikatolewa kwenye shirika la reli. Viungo vikaongezeka, na kila kiungo kikawa mahali pa kusubiri. Tofauti ni kwamba mmiliki wa zamani alikuwa serikali, na aliweza kulazimishwa kufika hata pasipo na faida. Kampuni binafsi inafika panapolipa.

Sasa turudi kwenye miinuko yetu. Kontena ni la kampuni ya meli. Mteja anapewa siku kadhaa za bure, zikipita tozo inahesabiwa kila siku hadi kontena tupu lirudishwe. Kulileta Kibondo na kulirudisha tupu Dar ni mzigo mzito, ndiyo maana bidhaa nyingi za huku hushushwa kwenye kontena huko huko Dar. Zinapakiwa kwenye semi, zinapita Dodoma, Singida, Kahama, Nyakanazi, ndipo Kibondo na Kasulu, na kipande cha mwisho zinamalizia na Fuso. Maana yake mnyororo wa nembo moja unakatika kabla haujatufikia. Makontena ya Burundi na Kongo yataipata huduma hiyo kamili kabla ya duka la Kasulu.

Kuna jambo lingine halisemwi sana: mzigo wa kurudi. Lori lililoleta saruji au bidhaa za duka halipendi kurudi tupu, na hapo maharage ya Kasulu na mihogo ya Kibondo hupata usafiri kwa bei ya maelewano. Dereva na mfanyabiashara wanapatana sokoni, kwa simu. Lori la kampuni kubwa ratiba yake inapangwa Dar, nalo likiwa linawahi kontena lingine halitasubiri magunia ya mkulima. Malori ya watu wa kawaida yakiondolewa njiani, tunaweza kupata bidhaa za kuingia kwa nafuu kidogo na tukaumia kwenye mazao ya kutoka.

Barabara ya lami ya Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu, karibu kilomita 260, na mkataba wa SGR ya Tabora–Kigoma uliosainiwa Desemba 2022, vinaleta njia zaidi. Njia zaidi ni pa kwenda kwingine, na hiyo ndiyo silaha ya mteja mdogo. Ila njia bila watu wa kuitumia kwa pamoja haisaidii. Wafanyabiashara wa maharage wakijaza behewa lote kwa pamoja, wanaongea na kampuni yoyote wakiwa wamesimama. Kila mtu na magunia yake kumi, ataambiwa asubiri.

Kwa hiyo ukisikia mkataba mwingine mkubwa wa bandari, usiishie kuuliza mwekezaji katoka nchi gani. Uliza mambo matatu. Je, mteja anaruhusiwa kununua kipande kimoja tu cha huduma? Je, bei ya kila kipande inaonekana peke yake? Je, TASAC na Tume ya Ushindani wana meno ya kumshughulikia anayelazimisha vyote? Walio Sheria, Uchumi na Uchukuzi, hizo ni mada za tasnifu zinazosubiri wenyewe. Na majibu yake yatasomeka kwenye bei ya tairi Kibondo.