Kingdom 2 na Askari wa Miguu wa Dola ya Qin

Filamu ya Kijapani iitwayo Kingdom 2, iliyoongozwa na Shinsuke Sato na kuanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Japani mwezi wa Julai 2022, ni mwendelezo wa filamu ya Kingdom iliyotoka mwaka 2019, na zote mbili zimetokana na manga, yaani hadithi ndefu ya katuni za Kijapani, ambayo Yasuhisa Hara alianza kuichapisha mwaka 2006 katika jarida la kila wiki na ambayo nakala zake zilizosambazwa zimekwisha kupita milioni 100. Ingawa watengenezaji na waigizaji wake wakuu ni Wajapani na lugha yake ni Kijapani, mambo yanayosimuliwa humo ni ya China ya kale, na kwa sababu Wajapani huyasoma majina ya Kichina kwa matamshi ya kwao, mfalme Ying Zheng anaitwa humo Ei Sei, na jemadari Li Xin anaitwa Shin.

Kipindi kinachohusika hujulikana kwa wanahistoria kama Zama za Falme Zinazopigana, zilizoanza katika karne ya 5 KK na kumalizika mwaka 221 KK, wakati falme saba, yaani Qin, Wei, Zhao, Han, Chu, Yan na Qi, zilipogombea ardhi na uhai kwa vizazi vingi, hata Ying Zheng wa Qin, aliyetawazwa akiwa kijana wa miaka 13, alipozimeza nyingine zote na kujitwalia cheo cha mfalme mkuu wa kwanza wa China. Ni yeye ambaye kaburi lake, karibu na mji wa Xi'an, lililindwa na maelfu ya sanamu za askari zilizofinyangwa kwa udongo na kuchomwa, ambazo wakulima waliokuwa wakichimba kisima walizigundua mwaka 1974.

Filamu ya kwanza ilieleza jinsi Shin, mtumwa yatima anayeigizwa na Kento Yamazaki, alivyompoteza rafiki yake aliyefanana mno na mfalme na kuuawa kwa ajili ya mfanano huo, kisha akamsaidia mfalme mwenyewe, anayeigizwa na Ryo Yoshizawa, kukirudisha kiti chake kilichonyakuliwa na mdogo wake. Yalikuwa mambo ya jumba la kifalme, usaliti na upanga wa mtu mmoja dhidi ya mwingine. Mwendelezo unatoka nje ya kuta hizo na kumpeleka kijana huyohuyo katika uwanda wa Dakan, ambako jeshi la Wei limeivamia Qin, na huko urafiki wake na mfalme haumfai kitu, kwa maana anaingia vitani akiwa askari wa miguu wa daraja la chini kabisa.

Mwandishi wa historia Sima Qian, aliyekusanya kumbukumbu za China takriban mwaka 100 KK, ametaja kwa maneno machache sana kwamba katika mwaka wa pili wa utawala wa Ying Zheng, yaani 245 KK, jemadari Biao Gong aliongoza jeshi la Qin kuushambulia mji wa Juan na kwamba vichwa 30,000 vilikatwa. Hakueleza zaidi ya hapo: askari hawatajwi, wala sababu, wala mwenendo wa mapigano. Biao Gong huyo ndiye Hyoko wa filamu, anayeigizwa na Etsushi Toyokawa, na ni katika ukimya huo wa kumbukumbu ndipo Hara na Sato walipopata nafasi ya kubuni, filamu ikageuza shambulio la Qin kuwa vita vya kujihami, nao wakawajaza humo watu ambao hakuna karani aliyewahi kuandika majina yao. Kazi hiyo ya kuwarudishia wasiotajwa sura na sauti ndiyo thamani kubwa ya filamu hii, kuliko hata upana wa mandhari yake ya vita unaosifiwa na wengi.

Msingi wa masimulizi ni kikundi cha watu watano. Shin na ndugu wawili wa kijiji chake wanawekwa chini ya Takukei, kiongozi mnyonge ambaye hakuna askari anayemtaka, ingawa watu wake wana desturi ya kurudi hai, kwa kuwa amewafunza kupigana wakiwa wameshikamana, kila mmoja akimkinga mwenziwe. Mpango huu wa watu watano haukubuniwa na wachora katuni. Katikati ya karne ya 4 KK, waziri Shang Yang alizigawa kaya za Qin katika mafungu ya tano na kumi yaliyowajibishwa kwa makosa ya kila mmoja wao, na utaratibu kama huo ukatawala jeshini, ambako askari mmoja akitoroka wenzake waliadhibiwa. Waziri huyo pia aliweka ngazi za vyeo zilizopandwa kwa ushujaa uliothibitishwa kwa vichwa vya maadui, si kwa ukoo, na kwa hiyo ndoto ya Shin ya kutoka utumwani hadi ujemadari, ambayo mtazamaji angeweza kuidhania kuwa ngano tupu, ina mizizi katika sheria za dola hiyo. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba sheria zilezile ziliugeuza uhai wa mkulima wa Wei kuwa bei ya kupandishwa cheo kwa mkulima wa Qin.

Filamu inalijua jambo hilo kwa kiasi fulani tu. Magari ya vita ya Wei, ambayo ni vigari vyepesi vinavyokokotwa na farasi na kubeba wapiganaji, yanapowasaga askari wa Qin waliotawanyika uwandani, walionusurika wanarundika maiti kuwa kizuizi, na hapo vita vinaonekana vilivyo, bila pambo. Vivyo hivyo kamanda Bakkoshin wa Qin, anayewaamuru watu wake waliokwisha kuchoka kukimbilia kilima kilichojaa maadui, anaonyeshwa kuwa mtu anayewatumia wengine kama kuni, ijapokuwa naye anaongoza mbele na kufia hapo hapo. Lakini askari wa Wei wanabaki kundi lisilo na nyuso. Jemadari wao Gokei peke yake ndiye anayepewa historia, nayo inachoma: ni mtu aliyenusurika baada ya nchi yake ndogo kuangamizwa, akajifunza kuishi kwa hesabu na tahadhari, kisha akakutana na Hyoko anayepigana kwa kunusa upepo wa mapambano. Lau askari wake wangalipewa walau sehemu ndogo ya uangalifu huo, filamu ingalikuwa kubwa zaidi.

Mtu wa tano katika kikundi ni Kyokai, anayeigizwa na Nana Seino, msichana wa ukoo wa wauaji wa siri ambamo mabinti hupambanishwa hadi abaki mmoja. Dada yake wa kulelewa pamoja aliuawa kwa hila katika mpambano huo, naye anaishi ili alipe kisasi. Upiganaji wake ni mfano wa ngoma unaofungamana na pumzi, na pumzi ikikatika nguvu nazo hukoma, kwa hiyo hata yeye anawahitaji wanyonge wanaomzunguka. Seino anayabeba majonzi hayo kwa maneno machache mno, na ndiye anayeipa filamu uzito ambao mbio na kelele za Shin zisingeweza kuuleta.

Kila moja ya filamu hizo mbili, ya 2019 na ya 2022, iliingiza zaidi ya yeni bilioni 5 nchini Japani, na nyingine zikafuata mwaka 2023 na 2024, zikimwonyesha Shin akiongoza askari 100 dhidi ya Zhao. Li Xin wa kumbukumbu alifika mbali zaidi ya hapo, kwani alipoulizwa na mfalme ni askari wangapi wangetosha kuishinda Chu, alijibu kuwa 200,000, ilhali jemadari mzee Wang Jian alisema lazima wawe 600,000. Mfalme alimsikiliza kijana, Chu ikalivunja jeshi lake, na Wang Jian akapewa idadi aliyoitaka na kuimaliza kazi mwaka 223 KK.